Kijiti cha Maji cha Rapsu

Kila Jumamosi asubuhi Gaceri alikuwa na kazi tatu: kufagia ua wa nyumba yao mtaani Kiwanjani, kufua sare za shule, na kumkimbiza ndugu yake mdogo Gitobu hadi akubali kuoga. Jumamosi hiyo alizimaliza zote kabla ya saa moja. Gitobu alioga bila kukimbizwa, kwa sababu Baba alikuwa ametangaza kwamba asiyeoga hapandi pikapu.

Walikuwa wakienda Rapsu kuwatembelea akina Rimberia. Kwa miaka sita Rimberia na mkewe walikuwa majirani wao hapo Kiwanjani, na binti yao Karambu alikuwa rafiki wa Gaceri tangu chekechea. Kisha Rimberia akaacha kazi ya duka, akapata shamba la kulima kwa maji ya mfereji, na familia ikahama. Ilikuwa miaka miwili sasa. Tangu siku hiyo Gaceri hakuwa amepata rafiki mwingine, wala hakumtafuta. Mfukoni alikuwa na bangili ya shaba aliyoichagua mwenyewe kwa wachuuzi wa mjini Isiolo. Alikuwa amevaa viatu vyake vyeupe vya kanisani.

Njia ilikuwa ndefu na yenye vumbi. Gitobu alihesabu ngamia hadi Kulamawe, kisha akachanganyikiwa na kuanza upya. Mama alishika kikapu cha mikate na sukari magotini, mikate isije ikapondeka. Gaceri hakuangalia ngamia. Alikuwa akipanga moyoni mambo ya kumwambia Karambu, la kwanza hadi la mwisho, kama mtu anayepanga vitabu kwenye mkoba.

Walipofika, Karambu alikuja mbio akamkumbatia kwa nguvu. Lakini nyuma yake alisimama msichana mwingine, mrefu, mwenye matope hadi magotini.

"Huyu ndiye Alice," Karambu alisema. "Si nilikuambia kwa simu?"

Alikuwa amemwambia, tena mara nyingi. Gaceri ndiye aliyekuwa hasikilizi. Sasa aliona kwamba kwenye mkono wa Karambu kulikuwa na bangili ya shanga za samawati na nyeupe, na kwenye mkono wa Alice kulikuwa na nyingine kama hiyo. Akautoa mkono wake mfukoni ukiwa mtupu.

Alice alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, macho yake yakatua chini. "Hivi viatu," aliuliza kwa upole, "vimekuja kulima au vimekuja harusini?"

Karambu alicheka hadi akashika tumbo. Hata Gitobu alicheka. Gaceri alitabasamu kwa midomo tu, na kuanzia hapo hakuna kilichomfurahisha. Wakati wa chakula kila hadithi ya Karambu ilikuwa na Alice ndani yake. Alice alimfundisha kuogelea. Alice alimfukuza nyani kwenye mahindi. Gaceri alikuwa amekuja na mambo yake yote yamepangwa, na hakupata mahali pa kuliingiza hata moja.

Baada ya chakula wasichana hao wawili walimpeleka kuona mfereji. Maji ya Rapsu yalikuwa ya zamu. Kila shamba lilipewa maji kwa saa tatu, mara moja kwa siku sita, na anayemwagilia alikuwa na kijiti kilichokatwa alama, chenye urefu wa mkono. Zamu ikiisha, mwenye kijiti aliziba mlango wake wa maji kwa magunia ya udongo, kisha akakipeleka kijiti kwa shamba linalofuata; anayengoja hakuenda kukidai, alingoja kiletwe. Bila kijiti mkononi, hakuna aliyethubutu kufungua mlango, hata kama maji yalipita yakimwagika mwituni. Kuchota kwa ndoo kuliruhusiwa, lakini ndoo hainyweshi shamba.

Siku hiyo zamu ya Rimberia ilikuwa inaisha saa tisa. Aliyefuata, wa mwisho kwa siku hiyo, alikuwa Lowoi, babake Alice. Lowoi alikuwa ameenda mbali kuchunga mbuzi wake, kwa hivyo shamba liliangaliwa na Mama Alice. Asubuhi hiyo hiyo Mama Alice alikuwa amehamisha miche ya nyanya kutoka kitaluni, mistari kumi na minne, na Alice alirudi nyumbani mapema kumsaidia kutengeneza michirizi.

Saa tisa ilipofika, Karambu aliziba mlango. Wakati huo huo mamake akamwita akawapelekee wageni chai. Akamkabidhi Gaceri kijiti. "Nisaidie, rafiki yangu. Shamba ni lile lenye paa la bati jipya. Mpe Mama Alice mkononi, usikiache chini."

Gaceri alianza safari vizuri. Kisha, akiwa nyuma ya ua wa michongoma, akamsikia Alice akiimba wimbo ambao yeye na Karambu walikuwa wameutunga Kiwanjani, wimbo wao wa kuruka kamba. Karambu alikuwa amempa Alice hata huo.

Akasimama. Hakusema moyoni kwamba angefanya ubaya. Alijiambia kwamba angepumzika kidogo tu, wangoje kidogo, nao waonje kungoja. Akageuka, akapita njia ya nyuma hadi kwenye pikapu, akakisukuma kijiti chini ya kiti cha dereva. Karambu alipomuuliza kama amekifikisha, Gaceri aliitikia kwa kichwa na kunywa chai.

Ile kidogo ikawa nusu saa, nusu saa ikawa saa nzima. Kila dakika iliyopita ilifanya kukitoa kijiti kuwe kugumu zaidi. Saa kumi na mbili ikikaribia, Gitobu alirudi kutoka kucheza, akamwuliza Mama kwa nini Alice na mamake wanabeba maji kwa mitungi na hali mfereji umejaa.

Watu wazima wakatazamana. Rimberia aliinuka bila kumaliza chai, na wote wakamfuata.

Waliyoyaona, Gaceri hakuyasahau. Maji yalikuwa yakipita kando ya shamba la Lowoi, mengi, yakimeremeta, yakielekea mwituni. Mlango ulikuwa umefungwa, magunia yote yakiwa mahali pake. Mama Alice aliinama, akachota kwa mtungi, akatembea hadi mstari wa miche, akamimina, akarudi. Walikuwa wamemaliza mistari minne tu. Miche ya ile mistari mingine ilikuwa imelala juu ya udongo kama nyuzi.

"Mama Alice, mbona hukufungua?" Rimberia aliuliza.

"Kijiti hakijafika," alijibu.

Alikuwa ameyaona maji yakipita kwa takriban saa tatu, karibu kabisa na nyanya zake, na hakuyagusa kwa sababu hakuwa na kijiti.

Mzee Kiugu, msimamizi wa mfereji, alikuwa amekwisha kuitwa. Alimwuliza Karambu kijiti kilikuwa wapi. Karambu alimtazama Gaceri mara moja tu, kisha akatazama chini na kusema kwamba kijiti kilikuwa mkononi mwake, na kwamba kama kimepotea, yeye ndiye wa kuulizwa. Mzee Kiugu akatikisa kichwa kwa huzuni. Sheria aliijua kila mtu: nyumba iliyopoteza kijiti ilikosa zamu yake inayofuata. Rimberia alikuwa na vitunguu vilivyobakisha wiki tano kuvunwa. Alishika kiuno, akatazama upande wa shamba lake.

Kama Gaceri angenyamaza, kesho wangepanda gari na kuondoka, na kijiti kingeenda Isiolo chini ya kiti. Hakuna ambaye angejua ila Karambu, na Karambu alikuwa ameshachagua kumficha. Rafiki aliyemdhania amempoteza alikuwa amesimama pale akibeba kosa lake mbele ya watu.

"Si Karambu," akasema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Si Karambu. Alinipa mimi. Nimekificha kwenye gari."

Baba akamgeukia. "Umekificha? Kwa nini?"

"Niliona wivu," Gaceri alisema, na machozi yakamtoka. "Ana rafiki mwingine. Nilitaka Alice akose kitu."

Hakuna aliyemkaripia, na hilo liliuma kuliko kukaripiwa. Alikimbia akakileta kijiti, akampa Mama Alice mkononi, akamwomba msamaha, kisha Alice, kisha Karambu. Alice aliokota mtungi mwingine, akamnyooshea.

"Mistari kumi imebaki, na zamu imekwisha," alisema. "Lia ukitembea."

Gaceri alivua viatu vyake vyeupe, akaviacha kwenye nyasi. Walibeba maji wote: Baba, Rimberia, akina mama, hata Gitobu na kikombe chake cha chai. Giza lilipoingia kila mche ulikuwa umeonja maji. Mzee Kiugu alisema sheria haingemwadhibu Rimberia kwa kosa lililokiriwa, lakini akamwonya Karambu kwamba kijiti hakibebeshwi mgeni. Kisha akaenda kwa Gathogo, ambaye zamu yake ingeanza saa kumi na mbili asubuhi iliyofuata, akamwomba ampe Mama Alice saa moja na nusu ya kwanza. Gathogo alinung'unika, akakubali.

Asubuhi Gaceri alikuwa shambani kabla ya wote, miguu mitupu. Aliyaangalia maji yakiingia mstari baada ya mstari, na miche ikianza kusimama. Michache haikusimama. Aliihesabu, nayo ilikuwa kumi na mmoja. Alice alimwonyesha jinsi ya kuing'oa na kupanda mingine. Walifanya kazi bila maneno mengi, hadi Alice alipouliza kama wimbo ule wa kamba ulikuwa na ubeti wa tatu, maana Karambu alikuwa ameusahau. Gaceri aliukumbuka. Akamwimbia.

Karambu alipofika, Gaceri alimpa ile bangili ya shaba. Karambu aliivaa juu ya zile shanga, akautikisa mkono, zikagongana.

Ilipofika saa moja na nusu, Mama Alice aliziba mlango. Akapangusa kijiti kwenye kanga yake, akamwita Gaceri.

"Mwanangu, nikikunyima kijiti leo, utarudi Isiolo ukijua kitu kimoja tu, kwamba ulikosa," alisema. "Sikiliza. Jana ulidhani Karambu ana urafiki wa kumtosha mtu mmoja, na kwamba mimi na binti yangu tumekunyang'anya sehemu yako. Hakuna aliyekunyang'anya. Wivu ukikujia tena, useme mapema kwa mtu unayemwamini, kabla haujakutuma kazi. Na ukishakosea, fanya kama ulivyofanya jana. Sema mwenyewe."

Akamwekea kijiti mkononi. "Mzee Kiugu amekubali, na Gathogo anangoja. Shamba lake ni lile la migomba."

Gaceri alikishika kwa mikono miwili. Safari hii hakutembea. Alikimbia.