Nyokabi na Watu wa Mwachengo

Kila Jumamosi Nyokabi aliteka maji, akafua sare yake na kuosha sufuria, ndipo akaketi kwenye stuli mlangoni kufanya kazi ya shule. Yeye na mama yake walikaa chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vya kupanga huko Dagoretti.

Jumamosi hiyo alikuwa na insha. Mwalimu Were aliwaambia wanafunzi wa darasa la saba waandike historia ya mahali palipobadilika, akasisitiza, "Tafuteni mtu wa kuuliza." Nyokabi hakutafuta mtu. Mama yake, aliyesafisha ofisi ya safari za watalii mjini, alikuwa amemletea kijitabu cha hoteli moja ya Mwachengo, Pwani, chenye picha zinazong'aa.

"Nakili tu," mama alisema. "Hao ni watu wamesoma. Wataandika uongo wa nini?"

Nyokabi akanakili neno kwa neno: Zamani Mwachengo palikuwa msitu mtupu, hapakuishi mtu. Kisha hoteli ikaja na maendeleo. Akakata picha ya ukumbi wa hoteli, akaibandika kwenye karatasi ya manila.

Jumatatu Mwalimu Were aliisifu mno insha hiyo. Akamteua Nyokabi kwenda kuisoma Alhamisi kwenye mashindano ya insha, huko Kileleshwa. Jioni hiyo Nyokabi aliisoma uani kwa maringo, majirani wakamshangilia.

"Profesa Nyokabi!" alipayuka Quincy, mtoto wa jirani.

Mama Dama peke yake hakupiga makofi. Huyu alikuwa Mgiriama kutoka Pwani, muuza mihogo ya kukaanga kule kwenye steji ya matatu. Aliacha kufua, akafuta povu mikononi kwa leso, akaisogelea ile manila.

"Hebu nione hiyo picha, mwanangu." Kidole chake kikatua kwenye nguzo ya mbao yenye kichwa cha mviringo, iliyosimamishwa kando ya meza ya wageni. "Huyu ni babu yangu."

Quincy akaangua kicheko. "Babu yako ni mti, Mama Dama?"

"Ni kigango. Kwetu mzee mkubwa akifa huchongewa nguzo, roho yake ikae karibu na watoto. Haing'olewi hata watu wakihama. Huu ufa wa shavuni niliutia mimi kwa jiwe, nikachapwa."

"Lakini kijitabu kinasema hapakuishi mtu," Nyokabi akasema.

"Nilizaliwa hapo. Tulikuwa nyumba arubaini. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, wakaja watu na hati ya ardhi wakatuita maskwota, wavamizi. Matingatinga yakaangusha minazi, nyumba zikachomwa, ua ukajengwa mpaka majini. Baba akawa bawabu wa lango la hoteli, na sisi wanawe hakuruhusiwa kutuingiza. Alipokufa hakuchongewa kitu." Akamtazama Nyokabi. "Tulifukuzwa na matingatinga. Leo nimefukuzwa na mtoto ninayempa mihogo."

Nyokabi alikunja manila yake, akamfuata mama yake chumbani.

"Mama, niibadilishe?"

"Ukiibadilisha utashindwa! Mambo ya watu wa mbali yatakusaidia nini?"

Hata hivyo, kesho yake Nyokabi aliketi kando ya karai la Mama Dama, akauliza na kuandika. Jumatano alikiri kwa Mwalimu Were kwamba ile ya kwanza aliiiba kijitabuni.

"Ulinidanganya, nami nikakusifu mbele ya watu," mwalimu alisema kwa uchungu. "Kasome ya kweli. Lakini ujue watakuuliza."

Alhamisi, kwenye mashindano, wakamuuliza kweli. "Haya hayamo katika historia ya hoteli hiyo," alisema jaji mmoja. "Ushahidi wako ni nini?"

"Aliyezaliwa hapo ni jirani yetu."

Majaji wakatazamana. Nyokabi akawa wa mwisho.

"Walisikia?" Mama Dama alimuuliza aliporudi.

"Walisikia. Hawakuamini."

Mama Dama akatikisa kichwa polepole, akaendelea kumenya mihogo. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

Mama yake Nyokabi aliyaona. Akamvuta bintiye kando.

"Mimi ndiye niliyekuambia unakili. Nisamehe, na unisikie. Kile kijiji hakirudi, hata ungeandika vitabu mia. Lakini ukiandika hapakuwa na mtu bila kuuliza, umewasaidia waliokichoma. Uliza kwanza, mwanangu. Hata hapa kwetu wapima ardhi wameanza kupita na kamba. Tutahamishwa siku moja, na mtoto wa mtu atanakili mahali kwamba hapa hapakuishi mtu."