Alama ya Jumamosi

Kila alfajiri, kabla ya kuvaa sare, binti mmoja alifungua boneti ya gari la mama yake. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza tena na kukitazama. Kisha alikagua maji ya rejeta injini ikiwa bado baridi, akaweka alama kwenye daftari. Majirani walimwita Injinia. Jina tamu, lakini jamani, na usingizi nao!

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, mlango mmoja haufunguki kwa ndani. Mama alilichagua kwa makusudi: injini ndogo, linakula mafuta kidogo, na aliyelimiliki kabla yake alilitunza vizuri. Kwa gari hilo alisambaza mikate madukani, akampeleka Injinia shuleni.

Jumapili moja Injinia alikuwa hoi. "Maji yenyewe hayajawahi kupungua," alijisemea. Akaweka alama za wiki nzima kwa mpigo, na kuanzia Jumatatu akawa anachelewa kuamka.

Alhamisi, wakipanda kilima na mikate nyuma, mshale wa joto ulipanda juu kabisa. Mvuke ukafuka, gari likazima. Mama aliinamisha kichwa kwenye usukani.

"Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kweli."

Mama alimpigia simu fundi wao, naye akafika kwa baiskeli na mkoba wa spana. Alisubiri injini ipoe, ndipo akafungua rejeta.

"Dada, humu hamna hata tone. Asubuhi maji yalikuwepo?"

"Yalijaa. Mwanangu hukagua kila siku."

Fundi alishusha pumzi. "Kama yameisha kwa asubuhi moja, basi gasketi ya injini imekufa. Itabidi niifungue yote. Wiki mbili hizo."

"Wiki mbili! Wenye maduka watanisubiri? Bora niliuze kama chuma chakavu."

Injinia angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyemuuliza. Alimtazama mama yake, machozi yakamlengalenga.

"Mama, sikukagua. Tangu Jumatatu."

Mama alichukua daftari, akapekua polepole. Alama ya Ijumaa ilikuwepo, na ya Jumamosi pia.

Fundi alirudi kwenye injini, akapapasa mipira ya maji mmoja mmoja. "Ahaa! Huu una ufa. Umekuwa ukivuja kidogo kidogo siku zote hizi. Kazi ya nusu saa tu."

Aliubadilisha, akajaza maji, akawasha. Injini ilinguruma sawasawa. Injinia alisubiri kugombezwa, lakini Mama hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kuchoka si kosa," Mama alisema. "Hata mimi nachoka. Ungeniambia, ningekagua mwenyewe. Lakini niliona alama yako, nikaondoka bila wasiwasi. Gari kuukuu halitaki fundi kila siku, mwanangu. Linataka mtu mkweli kila asubuhi."

Akampa kalamu. Injinia alizikata kwa mstari alama zote, kuanzia Jumatatu hadi ile ya Jumamosi, akaandika: "Alhamisi. Maji yaliisha. Sikukagua."