Oili Haiponyi Ukwato

"Jirani, huyo farasi wako ana bawaba? Mbona kila asubuhi unampaka oili?"

Mshonaji wa nyumba ya pili ndiye aliyeuliza, uzi ukiwa bado mdomoni. Mama Matofali alicheka. Walimwita hivyo kwa kazi yake. Yeye na farasi wake, Mwendo, walibeba matofali kutoka tanurini hadi kwenye nyumba zinazojengwa.

"Ni urembo, jirani. Marehemu mume wangu alimpaka hivi hivi. Mteja akiona kwato zinang'aa, anajua farasi ni mzima."

"Haya. Lakini urembo wa kila siku huwa na cha kuficha," Mshonaji alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Neno lile lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Ukwato wa mbele wa kulia ulikuwa umebadilika rangi pale misumari ya kiatu cha chuma inapotokeza. Kila doa lilipoonekana, Mama Matofali alizidisha oili chafu, ile inayomwagwa gereji. Doa lilipotea. Moyo ulitulia. Kesho yake lilirudi.

Siku tatu baadaye Mwendo akaanza kuchechemea.

Jioni hiyo hiyo shemeji yake alifika, kamba ya kuvutia farasi begani. Farasi yule walimnunua yeye na marehemu kaka yake, kwa hiyo naye alikuwa na sauti.

"Shemeji, kesho mnunuzi anakuja na lori. Anachukua farasi wa kuchinja."

"Kwa kuchechemea siku moja tu?"

"Nimeona weusi chini ya oili yako. Ukwato mweusi umekufa. Unataka aanguke barabarani na matofali, aue mtu?"

Mama Matofali alimshika Mwendo shingoni. Bila Mwendo, hakukuwa na kazi.

"Nipe mpaka saa nne asubuhi. Nimwite fundi wa kwato."

"Saa nne," shemeji alisema. "Isizidi hata dakika moja."

Asubuhi fundi alifika mapema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono kama koleo, na watu walimwita Nyundo. Hakugusa chombo chochote kabla ya kuomba maji, sabuni na brashi.

"Siwezi kusoma ukurasa uliopakwa masizi," alisema, akasugua oili yote ikatoka.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Nje, lori la mnunuzi lilishafika. Injini yake ilikuwa inanguruma.

"Sogea uone, mama," Nyundo alisema. "Haya madoa ya kahawia ni kutu. Msumari ni chuma, ukilowa unatoa kutu. Kwaruza. Pagumu?"

"Pagumu."

"Nusa. Pananuka?"

"Hapana."

"Basi hayana neno. Na huu wekundu ni damu iliyovilia, kama ukijigonga ukucha. Utashuka kadiri ukwato unavyokua. Ila ukwato ukiwa wa moto, au farasi akichechemea, mwite daktari wa mifugo. Sasa tazama hapa."

Aling'oa msumari wa tatu. Ulitoka mweusi, umelowa, na harufu ikajaa banda zima. Mama Matofali aliziba pua. Nyundo alipochokoa tundu kwa kichuma chembamba, unga wa kijivu ukamwagika.

"Viatu hivi vina muda gani?"

"Miezi minne."

"Minne! Mama, ukwato unakua kama ukucha. Wiki sita, zisizidi nane, kiatu kinavuliwa na ukwato unapunguzwa. Ukichelewa, misumari inalegea, matundu yanapanuka, vijidudu wanaingia. Halafu wewe unawafungia ndani kwa oili. Umewapa nyumba, ukawafungia na mlango wasisumbuliwe."

"Mume wangu alinifundisha..."

"Marehemu alikuwa mtu mwema, Mola amrehemu. Lakini kwa oili alikosea."

Shemeji alikohoa. "Dada, saa tatu na nusu hii. Anapona au haponi?"

Nyundo hakumtazama. Alivua kiatu, akashika kisu.

"Nitakata sehemu iliyooza tu. Weusi ukiishia njiani, farasi anapona. Ukipanda hadi kwenye nywele za juu ya ukwato, mwite mwenye lori, nami sitabisha."

Mama Matofali alishika hatamu kwa mikono miwili. Midomo yake iliomba bila sauti. Kipande cha kwanza kilianguka, kikiwa cheusi. Cha pili pia. Weusi ulipanda upana wa kidole, kisha vidole viwili. Mwendo alitikisa kichwa. Nje, dereva wa lori alipiga honi.

Kipande kingine. Cheusi bado.

Kisha kisu kikatoa kipande cheupe, kigumu, kisafi. Nyundo alikwaruza tena na tena, kulia na kushoto.

"Umeishia hapa," alisema, akafuta jasho. "Mchana daktari aje amtazame naye. Viatu vingine navyo navivua leo."

Shemeji alivuta pumzi ndefu. "Miezi mitatu. Weusi ukirudi, sitaki maneno." Alitoka, na lori likaondoka tupu.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Mama Matofali alisukuma matofali kwa mkokoteni wa mkono, mabega yakiwaka moto. Asubuhi na jioni alisafisha kwato kwa brashi kavu. Alitandika majani makavu bandani. Tundu alilitia dawa aliyoagiza daktari, wala hakuongeza yake. Ukwato ulikua polepole, kama upana wa kidole kidogo kwa mwezi.

Wiki ya tano, baada ya mvua, aliona weusi tena. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la oili. Akausimamisha. Alichukua maji akaosha. Weusi ukatoka wote. Ulikuwa uchafu wa sakafu yenye mkojo, basi. Alibadilisha majani, kisha akapeleka kopo kwa Mshonaji.

"Chukua, upake bawaba za mlango wako. Farasi wangu hana."

Mwezi wa tatu, Nyundo alimpigilia Mwendo viatu vipya. Siku chache baadaye shemeji alifika, kamba begani. Hakusalimia. Aliinua ukwato wa kulia, akaugeuza kwenye mwanga. Uso wake ukabadilika.

"Na hili doa?"

Mama Matofali alitazama kando ya msumari. Rangi ya kahawia. Safari hii alilijua.

"Kutu, shemeji. Kwaruza."

Alikwaruza kwa ukucha. Akabonyeza kwa kidole gumba. Akainama, akanusa muda mrefu. Hapakuwa na harufu.

Aliushusha mguu taratibu. Alitundika kamba kwenye kigingi ambacho kaka yake alitundikia hatamu, akatoka mikono mitupu.