Sauti Iliyolala Kwenye Waya wa Akiba

Simu ya wodi ya watoto njiti ililia saa nne asubuhi, na zile za mapokezi, maabara na jikoni zikalia pamoja nayo. Wote waliopokea walimsikia mwanamke mmoja akihema. "Nazunguka tu," alisema. "Nimechoka."

Fundi wa mtandao, ambaye hospitali nzima ilimwita Bi Waya, alikimbilia kwenye kabati la mitambo. Taa za swichi, vile visanduku vinavyogawa mawasiliano, zilikuwa zikiwaka na kuzima kwa pamoja, kama kifua cha mtu aliyelala, na ndani kulinuka udongo mbichi. Kosa aliliona upesi: waya wa kazi na waya wa akiba, zote mbili zikiunganisha majengo mawili, zilikuwa wazi kwa wakati mmoja, hivyo kila kilichoingia kilizunguka bila kutoka. Wa akiba hakuthubutu kuuchomoa. Wa kazi ungekatika bila huo kuwepo, wauguzi wasingeona pumzi za watoto kwenye kioo cha kompyuta yao. Akaziamuru swichi ziulaze huo wa akiba, ziuamshe zenyewe siku ya dharura. Simu zikanyamaza.

"Alikuwa nani?" sista mkuu alinong'ona.

"Mimi nafunga nyaya, sista. Wanaohema siwajui."

Alhamisi mchana, wachimba mtaro walikata waya wa kazi. Wa akiba ukaamka, na kilicholala ndani yake kikaamka nao. Simu zikalia zote. Safari hii mwanamke alikuwa akibembeleza, polepole, na kwenye kioo pumzi za watoto sita zikaanza kumfuata, zikishuka kila aliposhusha sauti, zikikawia kila alipokawia.

"Chomoa!" sista mkuu alipiga kelele.

"Nikichomoa hatutawaona kabisa!"

Bi Waya akanyakua simu. "Waache hao. Ongea na mimi."

Pumzi zikapanda. Akakaa hapo, mkonga wa simu umegandamana na sikio, akiitikia "ndiyo, ndiyo" kwa saa tatu, huku harufu ya udongo ikimzidi na midomo ikimpauka na sista akimfuta jasho lililokuwa la baridi kama maji ya kisima, mpaka waya wa kazi ulipoungwa na simu ikakatika.

Watoto wote walipona.

Bi Waya alisimama, akatembea hadi mwisho wa korido, akageuka, akarudi, akageuka. Jioni mumewe alikuja kumchukua.

"Mama watoto, twende nyumbani."

"Nazunguka tu," alihema kwa sauti ya yule mwanamke, akamkwepa bila kumtazama, akaendelea kuzunguka.