Mstari wa Saa Nane

Bibi wa kitanda cha nne alikuwa amelala akiangalia ukuta, na hapakuwa na mtu aliyemgeuza.

Mhudumu alisimama na beseni lake la maji ya uvuguvugu, akamtazama vizuri. Wodi nzima ilimwita Chapuchapu kwa jinsi alivyotembea, na mtu wa kutembea vile si kawaida yake kusimama. Saa sita alimwacha bibi chali. Sasa saa tisa kasoro, bibi yuko ubavu wa kulia, mto mmoja katikati ya magoti, mwingine mgongoni, shuka limenyooshwa bila mkunjo hata mmoja. Ilikuwa kazi safi kuliko yake mwenyewe. Lakini bibi huyo hakuweza hata kushika kijiko, na Shangazi, mhudumu mwenzake, alikuwa upande wa wanaume tangu saa saba.

Akachukua karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Saa nane: ubavu wa kulia. Saini yake ilikuwa hapo. Aliiweka asubuhi, kikombe cha chai mkononi, pamoja na mistari mingine yote ya siku.

Tusimhukumu haraka. Wodi ya wazee ilikuwa na wagonjwa ishirini na wawili, na wahudumu wawili. Mgonjwa asiyejiweza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo nyama ya nyonga na visigino inaanza kuoza mwenyewe angali hai. Ukimaliza kumgeuza wa mwisho, wa kwanza ameshaanza kukungoja, na katikati hapo kuna nepi, kuna uji, kuna aliyemwagikiwa na uji. Basi wote walisaini mbele, kisha wakageuza walioweza. Mtindo huo waliuita kujaza mapema, na hakuna aliyeona haya.

Palikuwa na harufu pia, kama ya sufuria iliyosahauliwa motoni. Jiko la hospitali lilikuwa jengo jingine kabisa.

"Mjukuu wangu," bibi alinong'ona bila kugeuza shingo. "Yule mwenzako ana mikono ya moto."

"Shangazi?"

"Shangazi namjua, ananukia sabuni. Huyu simjui. Anakuja ukishaandika." Bibi alivuta pumzi. "Kila akinigeuza ananiuliza kama nimechoka."

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia bado. Lakini nimechoka kweli, mjukuu wangu."

Chapuchapu alicheka kidogo, cheko la kumtuliza mtu. Wazee husema mengi. Huko upande wa wanaume Mzee Redio alisikiliza taarifa ya habari kila siku kwenye redio isiyokuwa na betri, na akiwasimulia wenzake walimwamini.

Kesho yake akajaza mapema tena. Saa tisa akamkuta bibi anaangalia ukuta, mto magotini, shuka halina mkunjo, na amekufa. Visigino vyake havikuwa na hata wekundu. Daktari aliandika uzee, akaenda zake.

Juma lililofuata ikawa kitanda cha tisa, kisha kitanda cha pili. Wote waliangalia ukuta, na wote walikufa kwenye mstari ambao Chapuchapu aliusaini bila kuifanya kazi yake. Alijua, na bado kila asubuhi kalamu ilikwenda yenyewe, maana kujua hakumwongezei mtu mikono. Hilo ndilo lililomliza chooni, peke yake, maji ya bomba yakiwa wazi ili asisikike.

Kisha mama yake akaanguka bafuni, akavunjika nyonga.

Wodi nyingine zilijaa. Walimleta kwa machela saa tano asubuhi, mwanamke wa miaka themanini aliyekwisha kuwa mwepesi kama nguo zilizoanuliwa, akimwambia kila mtu mlangoni, "Mwanangu anafanya kazi hapa, msinihangaikie." Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, cha nne.

Siku hiyohiyo Chapuchapu alimvuta Shangazi hadi chumba cha mashuka, akafunga mlango, akamweleza yote. Shangazi alikaa juu ya gunia la mashuka machafu. Alikuwa na miaka thelathini katika kazi ile na mzaha wake haukumwisha mdomoni, ila siku hiyo hakuwa nao.

"Nilidhani kilishatoka," alisema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Usikitaje. Kilikuja nilipokuwa msichana. Hakiji bure, tunakiita sisi. Ukiandika kwamba kazi imefanyika na haijafanyika, kinakuja kuifanya. Na kinafuata jina lililokiita. Limeshakuwa jina lako, mdogo wangu."

"Kinatolewaje? Niambie, Shangazi, mama yangu yuko pale!"

"Punguza sauti. Alilazwa mzee mmoja hapa, kitanda cha kumi, mtaalamu wa mambo hayo. Alisema siku saba. Siku saba kila mstari wenye jina lako uwe wa kweli, usiku na mchana, kikose kazi kabisa. Mapengo hayana neno, uongo ndio mwiko. Kikikosa kazi kinaondoka. Ukidanganya mara moja tu, kimeshinda."

Chapuchapu alirudi kitanda cha nne, akapiga magoti, akamshika mama yake mkono.

"Mama, nisikilize. Mtu yeyote akikuuliza kama umechoka, mwambie hujachoka. Hata kama umechoka. Umenielewa?"

"Kwani ni mtihani?"

"Mama!"

"Haya. Sijachoka. Sasa nenda kazini, watu wanakuita."

Wakaanza. Saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Wawili wawili, Shangazi mabegani, yeye nyongani, moja, mbili, tatu, geuza. Kisha mto, kisha shuka, kisha ndipo kalamu. Hawakunywa chai. Hawakukaa. Zamu ilipokwisha Chapuchapu aliomba na ya usiku, akijidanganya kwamba atalala siku ya nane, akasinzia dakika chache kwenye kiti miguuni pa mama yake, akaamka na kuendelea. Siku ya tatu viatu vilimwingia kwa taabu. Siku ya tano alimfunga mgonjwa nepi mara mbili, moja juu ya nyingine, na Mzee Redio akatangaza tukio hilo katika habari za saa saba.

Harufu ya sufuria haikuondoka. Ilimfuata nyuma, kitanda baada ya kitanda, hatua tatu hivi, na alipogeuka haikuwepo. Siku ya sita harufu ilianza kufifia.

"Umekonda, mwanangu," mama alimwambia jioni ile akimpapasa shavu. "Hawana mtu wa kukusaidia hawa?"

"Kesho inaisha, mama. Kesho tu."

Siku ya saba mgongo wa Shangazi ukagoma. Alipiga simu akilia, hawezi hata kushuka kitandani. Chapuchapu alibaki na wazee ishirini na wawili, na mikono yake miwili.

Aligeuza mmoja mmoja, akitumia shuka kuwavuta, akiacha pengo pale alipochelewa. Pengo si uongo. Alijiambia hivyo kwa sauti, na bibi mmoja akamwitikia amina. Saa nane ilimkuta upande wa wanaume. Akavua glavu aende kitanda cha nne, ndipo Mzee Redio alipojinyoosha kuifuata redio yake iliyoteleza, akaanguka kifudifudi sakafuni, na damu ikatoka kwenye paji la uso kama maji ya bomba.

"Usiniache," mzee alisema, ameshika aproni yake. Sasa hakuwa na habari yoyote ya kutangaza.

Akambana kidonda kwa taulo. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika kumi, kisha na ishirini. Hakuogopa sana. Mstari wa mama ulikuwa mtupu, na mstari mtupu haumwiti mtu.

Muuguzi wa zamu aliingia mbio, kalamu sikioni, kofia imepinda. "Wakaguzi wako kwenye ngazi! Na karatasi zako zina mapengo kama meno ya babu! Nimekujazia kuanzia cha nne mpaka cha saba, utanishukuru baadaye."

Chapuchapu alimtazama. "Umesaini jina la nani, Sista?"

"La kwako. Ulitaka nisaini la nani?"

Alimwachia muuguzi taulo na kichwa cha mzee, akakimbia, na ule ukumbi aliozoea kuuvuka kwa hatua arobaini ukawa hauishi, vitanda vinapita huku na huku na nyuso za wazee zimeinuka kumtazama, harufu ya sufuria iliyoungua ikamjia usoni nzito hata akakohoa, akaona pazia la kitanda cha nne limefungwa ambalo yeye hakulifunga, na nyuma yake kivuli kimeinama, kirefu, kinanyoosha shuka taratibu kutoka begani hadi miguuni kwa subira ya mtu ambaye hana mgonjwa mwingine duniani, akalishika pazia, likamchoma vidole, akalivuta.

Hapakuwa na mtu. Mama yake alikuwa ubavu wa kulia, anaangalia ukuta. Mto magotini, mto mgongoni. Shuka halikuwa na mkunjo.

"Mama! Mama, nimekuja, mama, nisamehe, nimekuja!"

Alimshika bega. Lilikuwa la moto. Akalitikisa, akisahau kila alichofundishwa kuhusu nyonga zilizovunjika.

"Wee! Unaniumiza," mama akasema.

Chapuchapu alianguka magotini akalia kwa sauti, bila kujali wakaguzi wala nani. Mama aligeuza kichwa polepole. Alikuwa mzima, tena alikuwa anatabasamu.

"Unalia nini na wewe? Amekuja dada mmoja, sijui ni mgeni hapa. Ana mikono ya moto, lakini kazi anaijua. Akaniuliza kama nimechoka."

"Ukamwambiaje?"

"Kama ulivyonifundisha. Nikamwambia sijachoka. Nalala mchana kutwa, nichoshwe na nini?" Mama aliupapasa mkono wake. "Nikamwambia aliyechoka ni mwanangu. Siku saba hajalala. Nikamwomba akusaidie wewe."

Chapuchapu alinyanyuka akaangalia vitanda vya jirani. Wa kitanda cha tano, cha sita na cha saba walikuwa vilevile alivyowaacha, wanatazama dirisha, ingawa mistari yao nayo ilikuwa imesainiwa. Wodi ilinuka dawa ya kudekia tu, kama zamani. Wakaguzi waliingia wakasifu karatasi, na mmoja akauliza jina lake, akaliandika.

Saa kumi walimwambia aende nyumbani, akalale, hali yake ni mbaya. Alikataa, wakamtoa. Alifunga mlango wa chumba chake kwa kufuli na komeo, akalala chali juu ya godoro na sare yake na viatu, macho wazi, ameapa hatalala. Jua bado lilikuwa dirishani.

Alipozinduka alikuwa anaangalia ukuta.

Alikuwa ubavu wa kulia. Viatu vilikuwa vimevuliwa. Shuka lilimfunika hadi begani, na hata bila kuliangalia alijua kwamba halina mkunjo. Kulikuwa na mto katikati ya magoti yake na mwingine mgongoni, na chumba kile kilikuwa na mto mmoja tu, ambao ulikuwa chini ya kichwa chake. Akataka kujigeuza. Mwili haukumtii hata kidole.

Kiganja cha moto kilitua begani, kingine nyongani, palepale panaposhikwa. Mtu alimwinamia sikioni, na pumzi yake ilinuka sufuria.

"Umechoka?"

Jibu alilijua. Alimfundisha mama yake mwenyewe, na mama, mgonjwa wa miaka themanini, alilisema bila shida. Akamfikiria mama kesho saa mbili, nani atamgeuza. Akafungua mdomo aseme bado, na machozi yakamtoka, maana tangu aanze kazi ile hapakuwa na mtu aliyewahi kumuuliza.