Damu ya Ng'ombe wa Mahari

"Nanyama, si uandike tu ni ng'ombe wawili! Nani atakuja Chwele kuhesabu?"

Kipngetich, mchumba wake, alikuwa anacheka kwa simu. Nanyama, kule maabara Kitale, hakucheka. Miaka sita amechunguza DNA ya ng'ombe, hasa jeni za kingamwili, wale askari wa damu wanaopigana na magonjwa. Mwaka huo wa 2006 akapata jeni ya ajabu, ndefu kuliko zote alizowahi kuona, kwa ng'ombe mmoja wa Kibomet. Wakubwa wake wakataka wa pili ndipo waamini. Na wa pili akapatikana wapi? Nyumbani kwa baba yake Chwele, kati ya ng'ombe watano wa mahari walioletwa na Kipngetich mwenyewe! Binti huyo hupima damu ya kila mnyama anayeingia kwao, hata wa mahari hakuwaacha.

"Sio hiyo jeni tu, Kip. Nimepima sehemu kumi na nne za DNA, zote sawa. Hata ndugu hawafanani hivyo. Ni kama ng'ombe mmoja."

"Basi ulichanganya chupa."

"Mimi sichanganyi chupa."

"Bana, Jumamosi ni harusi. Andika wawili, upate jina, tuoane."

Nanyama akakata simu. Damu ya Kibomet ilitolewa na Barasa, daktari wa mifugo. Nanyama mwenyewe aliona chupa tu, imeandikwa "Rahab, Kibomet". Akaamua kwenda Kibomet kuitoa upya. Akabeba sindano.

Rahab, mwenye ng'ombe, alimpa chai ya rangi, akaomba msamaha kwa kukosa maziwa.

"Ng'ombe yako iko wapi, dada?"

"Fulana? Wee! Mzee wangu alimpeleka Suam kwa fahali mzuri, ati atarudi na mimba. Mwezi wa pili sasa, watoto hawajaonja maziwa."

"Mzee wako anaitwa nani?"

Rahab akaonyesha picha ya harusi ukutani. Kipngetich, suti ya kijivu, anacheka kicheko kile kile cha kwa simu.

Nanyama alishikwa na kinyaa. Sio wivu, jamani, ni kinyaa! Mwanaume anawanyima watoto wake maziwa ili aoe mke mwingine? Ptu! Akakumbuka mdomo ule ulivyombusu, akapangusa wake kwa mkono.

"Mbona unalia?" akauliza Rahab.

"Dada, Fulana yuko kwetu. Aliletwa mahari. Mahari yangu."

Rahab aliinuka. Kisha akajifunga leso.

"Nipeleke."

Njiani simu ikalia. Ujumbe: "Swity, niko hapa kwenu na wazee. Umeandika wawili? Nakupenda."

Nanyama akajibu: "Nakuja na jibu."

Chwele, Kipngetich alikuwa ameketi katikati ya wazee, soda mkononi. Rahab aliposhuka kwenye pikapu, soda ikamwagikia suruali.

"Huyu mama ni nani?" akauliza Mzee Wepukhulu, babake Nanyama.

"Simjui," akasema Kipngetich.

Rahab hakumtazama hata. Aligeukia zizi.

"Fulana! Fulana mama, kuja!"

Ng'ombe mwenye kiraka cheupe kifuani kama fulana akaacha nyasi, akaja mbio, akaanza kumlamba Rahab mkono. Wazee wakaguna.

"Ati humjui," akasema Mzee Wepukhulu. "Na ng'ombe inamjua."

"Huyu ni mke wake, baba," akasema Nanyama. "Wa harusi ya kanisa. Na hiyo ng'ombe ni yake."

"Nanyama, nilifanya kwa mapenzi! Na ukisema ni mmoja, kazi yako ya miaka sita inakufa. Fikiria!"

"Nimefikiria. Usiniguse. Unanichefua, Kip, hata harufu yako."

Mzee mwenyewe akaikataa mahari, akafungua zizi. Ng'ombe wote watano wakarudi Kibomet na Rahab, Kipngetich akarudi kwa miguu.

Jumatatu asubuhi, Thuo, mkubwa wa maabara, alisimama mlangoni.

"Bibi harusi! Si ulikuwa likizo? Yule ng'ombe wa pili yuko?"

Nanyama akafungua daftari. Akakata neno "Chwele", akaandika: "Ng'ombe mmoja. Mmiliki: Rahab, Kibomet."

"Hakuna wa pili," akasema. "Wala harusi. Naomba gari, Bungoma kuna ng'ombe wengi sijawapima."