Jina la Nyanchama Katika Wasifu wa Baba

Asubuhi hiyo Nyamoita hakwenda kuchuma chai. Mumewe, Ombui, alikuwa bado mochari, na kijitabu cha mazishi kilikuwa kinasubiriwa. Watoto wake wawili waliandika wasifu wa baba yao kwa pamoja. Celestine alikuwa nyumbani, Geoffrey alikuwa Nairobi. Kila mmoja alirekebisha kisha akamtumia mwenzake kwa simu.

Sasa Nyamoita na Celestine walikuwa mjini Keroka, katika duka la kuchapisha la Kaltuma. Nyamoita alisoma nakala ya kwanza polepole, kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Nyanchama yuko wapi?"

Nyanchama alikuwa kifungua mimba wake. Alifariki kabla hajaanza shule. Tangu hapo majirani walimwita Nyamoita Mama Celestine, kwa kumhurumia. Ombui peke yake aliendelea kumwita Mama Nyanchama.

"Mama, mimi niliandika!" Celestine alisema. "Ni Geoffrey amemtoa. Alisema wasifu ni mrefu."

"Basi amemzika dada yake mara ya pili." Nyamoita alilia mbele ya wateja. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Kaltuma alimvutia kiti. "Pole, mama. Hebu tuangalie kwanza." Akafungua kwenye kompyuta faili mbili walizomtumia. "Celestine, uliongeza jina Jumatatu. Geoffrey alirekebisha Jumanne, lakini kwenye nakala ya Jumapili. Yako hakuifungua. Hakufuta mtu. Mimi nami nikachapisha iliyokuja mwisho."

"Kumbe ya mwisho inaweza kukosa kitu?" Celestine aliuliza.

"Ndiyo. Mkiandika wengi, muwe na nakala moja tu. Anayebadilisha aandike jina lake na tarehe, hata kama ni neno moja. Halafu mmoja wenu akague yote kabla sijachapisha."

Wakampigia Geoffrey. Aliposikia, akalia. "Mama, mimi nimtoe Nyanchama? Hata siwezi."

Wakarekebisha nakala moja, kila badiliko na jina na tarehe yake. Kaltuma akachapisha.

Siku ya mazishi mchungaji alisoma, "Marehemu alitanguliwa na binti yake, Nyanchama." Nyamoita alifumba macho.

Kaburi lilipofunikwa, jirani yake Persis alimshika mkono. "Twende ukae, Mama Nyanchama."

Nyamoita alilia upya, maana aliyezoea kumwita hivyo ndiye waliyetoka kumfukia. Lakini aliitika.